Gitaa Mapajani: Sauti Iliyofungwa

Jina nililopewa na mama yangu siwezi kulitaja, hata kwenu mnaonisoma kila wiki. Shemeji yangu alikuwa na jina hilohilo, na alipokufa alikwenda nalo. Kwetu huku jangwani jina la marehemu halitamkwi, na mtu aliyejikuta wajina wake huitwa Kunmanara mpaka wakubwa waseme basi. Kwa hiyo mimi ni Kunmanara. Posta wananiita hivyo, daktari ananiita hivyo, mke wangu akikasirika ananiita hivyo kwa kelele.

Mtakumbuka nilivyowaacha. Gari la bendi limeungua, bendi imesambaratika, na shemeji, mwimbaji wetu, tumemzika kwao Pollard Bore. Siku ya maziko mama yake alikusanya kanda zote alizowahi kuimba, akazitia kwenye sanduku la bati, akalifunga na kulikalia. Sauti ya mwanawe isisikike popote mpaka atakapoifungua yeye mwenyewe. Redio zikatii, na vijana wakafuta nyimbo kwenye simu zao bila kubisha.

Mama huyo ni mama mkwe wangu. Mimi na yeye hatuzungumzi wala hatutazamani. Nikimwona anaingia dukani kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Si chuki, ni heshima, na ndivyo alivyoishi baba yangu na mama mkwe wake mpaka wakaingia kaburini. Nikiwa na neno la kumwambia, nampa mke wangu Roslyn, naye anampelekea mama yake. Roslyn ni mkalimani wa kliniki mjini Alice. Kupeleka maneno ndiyo kazi yake, nyumbani na nje, na sikuwa nimewahi kumtilia shaka.

Kazi yangu mimi ni kupiga gitaa la kulaza mapajani. Nyuzi siziminyi kwa vidole, nazitelezeshea chuma, linalia. Nimelia kwenye nyimbo za injili, za wachunga ng'ombe, za mabinti wa Melbourne walioachwa na wapenzi wao. Sura yangu haimo kwenye kasha la kanda yoyote. Lakini hapa jangwani, nikigusa uzi mara mbili tu, hata kipofu atakwambia ni nani.

Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

*

Aliyenipigia simu ni Gareth Pinnock, mtengenezaji wa rekodi kutoka Melbourne.

"Kunmanara, kaka, nina wimbo mmoja. Ngoma zipo, besi ipo. Nakosa wewe tu."

"Nani anaimba?"

"Sauti tutaiweka baadaye."

Hapo sikuona ajabu. Sisi wapigaji wa kukodiwa hupewa wimbo vipande vipande, leo ngoma, kesho kinanda, na mwimbaji anaweza kuwa yuko nchi nyingine amelala. Nikabeba gitaa langu asubuhi nikaenda studio ya hapa mjini.

Kwenye mitambo alikuwepo Tamsin, msichana wa kizungu aliyezaliwa hapahapa Alice na kukulia mikononi mwa shangazi zetu. Siku zote nikifika ananitania nywele. Siku hiyo hakuinua uso.

"Vipi, Tamsin? Umekula limau?"

"Kaa upige tu, mjomba."

"Hata chai hakuna?"

"Nitachemsha baadaye. Piga kwanza."

Nikavaa visikizio. Ngoma ikaanza, taratibu, mwendo wa mtu anayetembea kwenye mchanga. Besi ikafuata. Nikaweka chuma juu ya nyuzi nikaanza kumjibu mwimbaji ambaye hayupo, maana ndivyo tunavyofanya, unamwachia nafasi aseme, akimaliza unasema wewe.

Jamani, nilipiga vizuri. Nasema ukweli, tangu msiba sikuwa nimepiga hivyo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe mno. Kila mwimbaji ana pumzi yake, na shemeji yangu alikuwa na kifua kibovu. Kabla ya neno la mwisho la kila mstari alikuwa anakatika, anavuta hewa, ndipo anamalizia. Miaka yote niliyokaa ubavuni pake, mkono wangu ulizoea kumngoja hapohapo. Sasa wimbo haujulikani, mwimbaji hajulikani, na mkono wangu unangoja palepale, na ngoma nayo inangoja.

Nikainua chuma.

"Tamsin, humo umezima sauti ya nani?"

Akazidi kuinamia mitambo.

"Nakuuliza, mwanangu. Ni nani humo?"

Akaanza kulia. "Nisamehe, mjomba. Nilimzima kwa heshima yako. Nilijua huruhusiwi kumsikia, nikasema angalau masikio yako yasiingie makosani."

"Heshima! Unanipigisha gitaa na maiti halafu unaniambia heshima!"

Gareth akaingia amenyoosha mikono kama anatuliza farasi. "Kunmanara, sikiliza. Kanda hii ilibaki kwangu, aliirekodi kabla hajaugua. Na mimi si mwizi. Nilikwenda Pollard Bore mwenyewe. Mama yake kakubali."

"Mama kakubali? Alikwambia yeye?"

"Mtu wa familia alinipelekea swali, akaniletea jibu. Jibu ni ndiyo."

"Mtu gani?"

"Aliniomba nisimtaje."

"Basi futa," nikamwambia. "Nilichopiga hapa futa chote, mbele ya macho yangu."

Akanitazama, akamtazama Tamsin, akabonyeza. Mistari yangu ikatoweka kwenye kioo. Nilikuwa mjinga kiasi cha kuamini kwamba kitu kikitoweka kwenye kioo kimekwisha duniani.

Njiani kurudi nyumbani kichwani nilikuwa na jina moja tu: Rolly. Huyu ni mpwa wa mama mkwe, aliyekuwa meneja wa bendi yetu. Bendi ilipokufa alibaki bila kazi, na kwa pesa za Melbourne yuko tayari kuuza hata meno ya bibi yake. Nani mwingine angefanya hivyo?

*

Nilimkuta Roslyn anachoma mkia wa kangaruu nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anageuza mkia kwenye makaa, akaugeuza tena, mpaka upande mmoja ukaungua.

"Ulimsikia akiimba?" akaniuliza.

"Nimekwambia alikuwa amezimwa."

"Hata kidogo? Hata ukipita mlangoni?"

"Roslyn! Nakuambia nimepigishwa gitaa na kaka yako, wewe unauliza kama nilimsikia?"

Akauondoa mkia kwenye makaa.

"Mpigie mama yako," nikamwambia. "Muulize kama kweli alikubali. Na kama ni Rolly kasema uongo, ajue leo."

Akachukua simu akaenda kusimama mbali, kwenye uzio. Nilimwona mgongo tu. Aliporudi alisema, "Mama hataki kuyazungumza hayo. Anasema tunyamaze, yatapita."

"Hajakasirika?"

"Amechoka tu. Kula, nyama inapoa."

Nikala. Nilikuwa na njaa ya kazi, na ile hofu ikashuka kidogo. Mke wangu alikuwa amesema yatapita, na kwa habari za mama yake sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Hayakupita.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye foleni dukani, mchana kweupe, nimeshika mkate na nyama ya kopo. Redio ya duka ilikuwa inapiga matangazo. Yakaisha. Ngoma ikaanza, taratibu, mwendo wa mtu anayetembea kwenye mchanga.

Nikajua.

Gitaa langu likalia. Halafu, mbele ya watu wote, shemeji akafungua mdomo akaimba.

Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaangusha kikapu, mayai yakapasuka sakafuni. Mwingine akaziba masikio ya mjukuu wake. Huko nyuma mtu akaanza kilio kile cha msibani, cha juu, kinachoingia kwenye mifupa. Mzee mmoja alijaribu kutoka, akakosa nguvu, akakaa palepale mlangoni na kujifunika uso kwa kofia. Msichana wa malipo alikuwa mgeni, alidhani kuna moto.

Hakuna aliyeuliza hilo gitaa ni la nani. Wote walikuwa wameshageuka wananitazama mimi.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akalitaja jina. Jina la shemeji, ambalo pia ni langu, akalitaja kwa furaha kabisa, na kusema familia imetoa baraka zake. Nikaacha mkate kwenye rafu ya sabuni nikatoka.

Usiku huo simu ililia. Alikuwa Rolly.

"Umeridhika?"

"Rolly, wewe ndiye uliyemwambia mzungu..."

"Funga mdomo. Mimi? Mimi nimeshinda na shangazi tangu redio ilie. Hali, hanywi. Ameufungua mlango wa nyumba ya marehemu akaingia kumtafuta. Unanielewa? Alidhani karudi."

Nikakaa chini, simu sikioni.

"Jumamosi mchana uje," akasema. "Uje na gitaa. Shangazi akisema ni wewe uliyetoa ruhusa kwa jina lake, linaingia kwenye moto. Na wewe hutapiga tena mbele ya mtu wetu yeyote, si kanisani, si harusini, si kwenye rekodi. Nani atakukodi? Nani atakaa chumba kimoja na wewe?"

"Sikujua kama ni yeye, Rolly. Naapa."

"Usiniapie mimi. Mwambie shangazi."

Akakata. Na mimi nikabaki nimeshika simu, maana kumwambia shangazi yake ndicho kitu kimoja ambacho siwezi.

*

Jumamosi tulikwenda watatu: mimi, Roslyn, na Mjomba Hector aliyetupigia besi tangu zamani, sikio moja limekufa kwa spika na la pili linakaribia.

"Ungekuwa umemuua mtu ningekuja na fimbo," Hector akasema akipanda gari. "Kwa gitaa nimekuja na mto wa kukalia. Hawa wakianza kuongea hawamalizi."

Hakuna aliyecheka. Roslyn alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na vumbi jekundu lilikuwa linampaka shavu bila yeye kujifuta.

"Mama yako atanielewa?" nikamuuliza.

"Wewe niambie la kusema, nami nitampelekea."

"Mwambie tu ukweli. Ukweli wangu ni mfupi."

"Nimesikia."

"Na umwambie amuulize Rolly vizuri. Mtu wa familia ndiye aliyepeleka jibu la uongo. Huyo ndiye mwenye kosa, si mimi."

Roslyn akafumba macho. Nilidhani ni usingizi.

Tulipofika Pollard Bore, watoto hawakulikimbilia gari. Watu walikuwa wameshakaa. Upande wa mbali, karibu na moto mkubwa, wanawake walimzunguka mama mkwe, nyuso zao zimepakwa udongo mweupe wa msiba. Rolly alisimama nyuma yao. Mimi nilionyeshwa pangu, mbali, chini, kwenye mchanga. Nikakaa nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa, Hector pembeni yangu juu ya mto wake. Rolly akaja akalichukua gitaa mikononi mwangu bila kunisalimu, akaenda nalo kule kwenye moto.

Katikati yetu akabaki Roslyn, wa kwenda na kurudi.

Sauti ya mama mkwe ilikuwa ndogo, imekauka kwa kulia. Kutoka pale nilipokaa niliisikia inaanza na kuisha, maneno siyapati. Roslyn akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama anauliza kwa nini ulipiga."

"Mwambie sikujua. Walimzima, sikumsikia. Nilipomtambua niliinua chuma hapohapo, nikaamuru kufutwe. Na mwambie mimi sikumwambia mzungu neno lolote. Nenda."

Akaenda.

"Kasema nini?" Hector akaniuliza kwa kelele.

"Subiri, mjomba."

"Ah. Mimi sisikii kitu. Naona moshi tu."

Moshi ulikuwa unatupita juu ya vichwa kwenda kwao. Halafu upepo ukageuka. Moshi ukaja kwetu, ukaniingia machoni, na pamoja na moshi yakaja maneno. Mimi nimekula kwa masikio haya maisha yangu yote. Naweza kusikia uzi mmoja uliolegea katikati ya bendi nzima. Nilisikia.

"Mama," Roslyn alikuwa anasema, "anakiri. Anasema alijua tangu mwanzo kwamba anayeimba ni kaka. Na anasema ni yeye mwenyewe aliyemwambia mzungu kwamba umekubali."

Nilidhani nimekosea. Nikakaza masikio mpaka kichwa kikauma.

"Anasema hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

Hapo yote yakajipanga kichwani mwangu, na nilitamani yasijipange. Gareth hajui lugha yetu. Angempata wapi mtu wa familia wa kumpeleka kwa mama na kumtafsiria? Alimpata yuleyule ninayemtumia mimi. Swali lilikwenda na Roslyn, jibu la mama lilikuwa hapana, na lilipomfikia mzungu lilikuwa ndiyo. Nami siku zote hizo nilikuwa namlaani Rolly, huku mwenye kosa mwenyewe ananichomea nyama.

Nilikasirika, wasomaji wangu. Nilikasirika mpaka nikaona giza.

Kule nyuma mama mkwe aligotesha fimbo yake mchangani. Aliposema, alisema polepole, na kila neno nililipata.

"Mwambie ageuke. Nataka aniambie yeye mwenyewe, uso kwa uso."

Wanawake wakaguna wote pamoja. Nikamsikia Rolly, "Shangazi, haiwezekani!" Kitu hicho hakijawahi kufanyika Pollard Bore, wala hakuna aliye hai aliyewahi kukisikia.

Roslyn akaja mbio, mchanga unaruka. Akachuchumaa mbele yangu karibu mno, akanishika magoti.

"Mama anasema uondoke," akasema. "Uliache gitaa, uende zako sasa hivi."

Nilimtazama mke wangu machoni. Akaona kwamba nimesikia.

"Nilitaka kumsikia," akanong'ona. "Kaka yangu. Mara moja tu. Mama angekufa na lile sanduku, nami nisingemsikia tena. Nikasema mzungu akiupiga wimbo wake mara moja itatosha. Sikujua atakuita wewe."

"Roslyn..."

"Wakijua ni mimi niliyeligeuza neno la mama, sina mama tena. Hakuna moto watakaoniruhusu kuukaribia. Nenda, tafadhali. Wewe unaweza kupiga kwingine. Mimi kwingine sina."

Kwingine! Nani asiyejua kwamba mimi kwingine sina vilevile? Gitaa langu linalia kwa lugha ya hapa. Nikigeuka, naokoka mimi, anazama yeye. Nikiondoka, anaokoka yeye, nami sitashika chuma tena mbele ya watu wangu mpaka nife. Na nilikuwa nampenda, hata pale, kwa hasira zote zile nilikuwa nampenda mpaka nikajionea haya.

"Mbona watu wamesimama?" Hector akasema. "Tumeshamaliza? Mapema hivi?"

Nikasikia nyuzi zikilia nyuma yangu, ovyo, bila mkono wa mpigaji. Rolly alikuwa amelinyanyua gitaa juu ya moto.

Nikasimama. Roslyn akanishika mkono kwa nguvu zake zote, akaanza kunivuta kuelekea kwenye gari. Nilimfuata hatua moja, nikasita, nikamfuata tena. Nilikuwa bado sijui nimeamua nini.

Ndipo nyuma yetu kukawa kimya, kimya cha watu wengi walioacha kupumua. Na katika kimya hicho nikasikia fimbo ikigota kwenye mchanga, na nyayo za mtu mzima anayeburuta mguu, zinakuja upande wetu.

Mama mkwe alikuwa hangoji tena nigeuke. Alikuwa anazunguka aje kusimama mbele ya uso wangu.